Jumba la Marahubi na Maneno ya Ujenzi katika Kiswahili cha Mpanda

Neno sakafu likitajwa Mpanda, msikiaji hufikiria saruji iliyomwagwa na kusawazishwa ardhini, ndani ya nyumba. Neno birika likitajwa, hufikiria chombo cha kuchemshia chai. Dari ni mbao zilizopigiliwa chini ya bati, na baraza ni mkutano wa wananchi mbele ya mkubwa wao. Maana hizo zote ni sahihi, wala hapana haja ya kuzikosoa. Lakini msomaji wa Mpanda akiletewa maelezo ya majumba ya kifalme ya Unguja yaliyoandikwa kwa maneno hayo hayo, ambayo kwake si mageni hata kidogo, atajenga akilini mwake jumba jingine kabisa. Sakafu yake haitakuwa na chumba chini yake, na katika bustani yake patakuwa na birika la chai lililoota mayungiyungi.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Majumba hayo ya Unguja na nchi ya Katavi havikuwa mbali kwa hesabu ya karne ya kumi na tisa kama vinavyoonekana leo katika ramani. Mapato ya Masultani yalitoka kwa sehemu kubwa katika ushuru wa forodha, na katika bidhaa zilizotozwa ushuru huo pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa zilizo bora. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, kama nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, waliolipa fedha kwa Sultani kisha wakajikusanyia ushuru wenyewe. Pembe zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35, na zilichukuliwa mabegani mwa watu kutoka Manyema, kutoka Unyamwezi, na kutoka Ukonongo na mbuga za mto Katuma, ambako tembo walikuwa wengi na wangali wapo katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Pembe hizo zikaenda kuwa bangili Bara Hindi, na funguo za piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Sehemu ya thamani yake ilibaki Unguja, ikageuka chokaa, mawe na nakshi.

Jumba la Marahubi ni mfano ulio mwepesi kuufuata, kwa sababu kilichobaki kwake ni kichache na kila kilichobaki kina maana. Liko ufukoni, mwendo wa kilomita 4 hivi kaskazini ya Mji Mkongwe, na jina lake yasemekana lilitokana na Mwarabu aliyekuwa mwenye kiwanja kabla ya Sultani. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata alipofariki 1888, alilijenga likamalizika katika 1882, kwa ajili ya masuria wake. Hadithi ya Unguja huwahesabu kuwa 99 pamoja na mke mmoja wa ndoa. Hesabu hiyo inalingana mno na desturi ya wasimulizi, na yafaa ipokewe kama inavyopokewa hesabu ya askari katika tenzi. Katika 1899 jumba liliungua, na tangu hapo halikujengwa tena.

Mgeni afikapo leo huona safu za nguzo nene za mviringo zimesimama wazi, hazikuchukua kitu juu yake ila mbingu. Wengi hudhani kwamba ni nguzo za ukumbi uliobomoka. Si hivyo. Jumba lilikuwa la namna mbili katika mwili mmoja: sehemu ya chini ilikuwa ya mawe, na ya juu ilikuwa ya mbao, yenye roshani pana iliyokaa juu ya nguzo hizo. Moto ulikula mbao zote ukaacha mawe. Basi kionekanacho sasa ni nusu ya chini tu ya jumba ambalo watu wake walikaa nusu ya juu. Barghash alipata kukaa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua ndugu yake katika 1859, na katika 1875 alizuru Uingereza. Watu waonao katika roshani za Marahubi mkono wa Bara Hindi, na katika ukuta mrefu uliozunguka kiwanja mfano wa kuta za mashamba ya mabwana wa Kiingereza, hawakosi sababu. Lakini kazi ya mawe ilikuwa ya pwani hii.

Mjenzi wa pwani alikuwa na vitu vitatu: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo, na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyotawala jumba zima. Mti wa mkoko ufaao kuchukua uzito hautoi boriti ndefu. Upana wa chumba ukipita mita 3 hivi, boriti haifiki. Kwa hiyo vyumba vya majumba ya mawe, hata vya wafalme, ni virefu na vyembamba, na atakaye upana hana budi kuweka safu ya nguzo katikati. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, kisha hupigwa kwa vipande vya mti siku nyingi mpaka ishikane iwe kama jiwe moja. Hiyo ndiyo sakafu. Kwa Kiarabu neno saqf, asili ya sakafu, maana yake ni paa. Wengi wamestaajabu namna gani neno la kitu kilicho juu ya kichwa lilipata kuwa neno la kitu kilicho chini ya mguu. Nyumba yenyewe inatoa jawabu: paa la chumba cha chini ndilo mahali pa kukanyaga katika chumba cha juu, na paa la mwisho hujengwa vivyo hivyo, hata watu wakapanda kupunga upepo jioni. Mwashi hakuwa na sababu ya kuwa na majina mawili kwa kazi moja. Kadhalika ghorofa, ambayo kwa Kiarabu ni chumba, hasa chumba cha juu, ikawa tabaka zima la nyumba. Na mtu aliyekuwa darini alikuwa orofani, hakuwa juu ya mbao za kuzuia joto la bati.

Neno hili lilipokwenda bara liliacha boriti na ghorofa nyuma yake, likabaki na ugumu na unyofu tu. Nyumba ya chini iliyotiwa saruji ikawa ina sakafu, ijapokuwa saruji hiyo si paa la kitu chochote.

Mahali ambapo boriti ilishindwa kabisa ni hamamu. Mvuke na maji moto huozesha mti, na kwa hiyo vyumba vya kuogea vilifunikwa kwa matao na kuba za mawe na chokaa. Marahubi palikuwa na hamamu zaidi ya moja, Sultani akiwa na yake na wanawake wakiwa na zao, na vyumba hivyo ndivyo vilivyostahimili moto kuliko sehemu nyingine za jumba. Barghash alijenga nyingine mjini kwa matumizi ya watu wote, kazi iliyosimamiwa na Haji Gulamhussein, nayo imekipa kile kitongoji jina lake mpaka leo, Hamamni. Katika kuba hutobolewa matundu madogo ya kuingiza mwanga na kutoa mvuke, na mtu aliye ndani huona miale ikishuka kama vijiti vyeupe.

Lakini kwa nakshi hamamu zote hizo zashindwa na ile ya Kidichi, iliyo juu ya vilima ndani ya mashamba, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrzad, katika 1850. Hapo kuta zimenakshiwa kwa lipu iliyochongwa maua, majani, na ndege. Ndege hao wanashangaza. Wenye nchi walikuwa Waibadhi, watu wa madhehebu yapendayo wepesi hata katika misikiti yao, ambayo aghalabu haina mnara wala mapambo mengi. Na picha za viumbe hai katika nyumba zao ni nadra. Kidichi basi ni Uajemi uliotiwa katikati ya mikarafuu kwa ajili ya mtu mmoja, na haikuzaa mfano wake kwingine. Nani aseme kwamba hiyo ndiyo sanaa ya Unguja? Anayetaka kuiona sanaa ya Unguja aitazame milango.

Katika nyumba ya Kizanzibari ukuta wa nje hausemi neno. Utajiri wote wa mwenye nyumba umewekwa mlangoni: katika fremu, katika kizingiti cha juu, na katika mfaa, yaani ule ubao wa katikati ufunikao mwanya wa mbao mbili zifungwapo. Minyororo, mawaridi, mayungiyungi na magamba ya samaki huchongwa humo. Wageni huambiwa kwamba mnyororo ni hivi na samaki ni vile, kila alama ikiwa na tafsiri yake kama ndoto. Maelezo hayo yafaa kuchukuliwa kwa uangalifu. Mchongaji hurithi mkono kutoka kwa bwana wake, na kilichokuwa na maana kwa wa kwanza huwa desturi tu kwa wa tatu.

Bustani ya Marahubi ilikuwa ndani ya ukuta, kati ya bahari na barabara. Mtu aliyesoma habari za bustani za Kiislamu za Uajemi, Bara Hindi au Andalusi atatafuta humo mifereji minne inayokutana katikati na vitalu vilivyogawanywa sawa. Hatavipata. Palikuwa na miembe, yenye vivuli vipana. Palikuwa na mabirika ya maji yaliyofunikwa kwa mayungiyungi. Na palikuwa na mfereji uliojengwa juu ya nguzo ili kuleta maji. Ilikuwa bustani ya matunda na kivuli, jirani zaidi na shamba kuliko na bustani ya michoro. Mtoni, jumba kongwe la Seyyid Said lililo kaskazini zaidi ya Marahubi, mambo yalikuwa yale yale kwa namna ya zamani zaidi: ua mkubwa ambamo tausi na paa walitembea wapendavyo, hamamu mwishoni mwa ua, na banda la mviringo lililoelekea bahari, ambamo Sultani alikaa akitazama merikebu. Habari hizi zimehifadhiwa na binti yake, Seyyida Salme, aliyezaliwa humo katika 1844 na ambaye kitabu chake cha maisha kilitoka kwa Kijerumani katika 1886.

Bustani ni neno la Kiajemi, maana yake mahali pa harufu nzuri. Nalo birika lina siri yake. Kwa Kiarabu kuna birka, dimbwi au hodhi la maji, na kuna ibriq, chombo chenye mdomo wa kumiminia. Ni maneno mawili yasiyo na udugu. Kiswahili kiliyapokea yote mawili, na kwa kuyapa sauti za Kibantu kikayafanya moja. Kule pwani, palipo na mabirika ya maji ya kutawadhia katika kila msikiti wa zamani, maana zote mbili ziliishi pamoja bila ugomvi. Bara, ambako watu waliteka maji mtoni na kisimani, chombo kilikwenda na hodhi likabaki.

Sasa yafaa kuifuata njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo misafara ilikwenda Unyanyembe, karibu na Tabora. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika huko Juni. Tangu Unyanyembe njia ya kawaida ilielekea magharibi mpaka Ujiji, walakini mwaka huo vita vya Mirambo viliifunga, na Septemba Stanley akazunguka kusini kupitia Ukonongo na pande ambazo sasa ni za Mkoa wa Katavi, kisha akapanda kaskazini kwenda kumkuta David Livingstone. Waliporudi pamoja mwanzo wa 1872 walipita tena huko, mpaka Kwihara. Livingstone alikaa Kwihara hata Agosti, ndipo akashika njia ya Ukonongo kwa mara nyingine, akielekea ziwani na kusini, safari ambayo hakurudi.

Nyumba waliyokaa Kwihara ilikuwa ya Waarabu, nayo ni tembe. Hilo ni neno la bara: nyumba ya pembe nne yenye kuta nene za udongo, ua katikati, na paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Wanyamwezi na Wagogo walikuwa nayo kabla ya mgeni kutia mguu. Mfanyabiashara wa pwani aliyefika huko hakuwa na matumbawe, hakuwa na chokaa ya kutosha wala mikoko. Hakuleta mwashi wake. Alichukua tembe ya wenyeji akaitia mambo yake machache: kibaraza mbele chenye viti vya udongo vya kupokelea wageni, mlango wa mbao uliochongwa kwa mkono wa pwani, na miti ya matunda. Ua haukumhitaji kuuleta, kwani ulikuwapo. Huenda ndiyo sababu alijiona nyumbani upesi. Tembe ya Kwihara na jumba la Mtoni, kimoja cha udongo na kingine cha mawe, kwa ramani yake ni ndugu: ukuta usiosema neno, mlango unaosema, na maisha yote yameelekea ndani.

Magharibi zaidi ya hapo, kuelekea Karema, hata hayo yalipungua. Karema penyewe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kituo kilianzishwa na Wabelgiji wa ile Jumuiya ya Kimataifa ya Mfalme Leopold katika 1879, wakajenga ngome, kisha 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Jengo kuu la zamani katika nchi ya Katavi basi si la Kiislamu. Ukanda huu ulitoa pembe na wachukuzi, nao haukupata kuba wala nakshi. Katika mwaka ule ule wa 1882 ambao Marahubi palimalizika, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliwasili Unguja na shehena kubwa ya pembe kutoka ng'ambo ya Ziwa. Maelezo yake mwenyewe ya safari zake, ambayo W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, yamejaa frasila, vita na madeni. Mjenzi hana nafasi humo.

Kilichofika Katavi ni lugha. Ilifika kwanza na misafara, kisha na misheni na serikali. Baadaye ilitiwa nguvu na machimbo ya risasi ya Mpanda, pamoja na tawi la reli kutoka Kaliua lililofunguliwa katika 1950, vilivyowakusanya watu wa makabila mengi mahali pamoja. Machimbo yalifungwa 1960, mji ukabaki, na tangu 2012 ni makao ya mkoa. Maneno ya ujenzi yaliyokuja kwa njia hizo yalikuja bila majengo yake. Dirisha lilipokewa kamili, kwa kuwa kila nyumba ilihitaji kutobolewa. Embe, neno la asili ya Kihindi, lilikuja pamoja na mti wake, na safu za miembe mikubwa Tabora na Ujiji zingali zaonyesha walikopita na kukaa watu wa pwani. Katika mambo yote ya bustani ya Sultani, hili ndilo lililomea bara. Baraza lilikuja na shughuli yake bila jiwe lake: pwani ni kiti cha mawe ukutani kwanza na mazungumzo baadaye, bara ni mazungumzo tu, hata chini ya mti. Zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo vya fahari, havikuja kabisa. Mfaa haukuja. Kuba inajulikana kwa wachache, na hamamu kwa wachache zaidi.

Kwa upande mwingine neno moja lilikwenda kinyume cha njia. Tembe iliteremka pwani midomoni mwa wachukuzi na wafanyabiashara, nayo imo katika makamusi ya Kiswahili sanifu, ikifasiriwa kuwa nyumba ya bara yenye paa la bapa. Mpwani anayeisoma fasiri hiyo yumo katika hali ile ile ya Mmpanda asomaye habari za sakafu: neno analo, nyumba hana.

Haya hayangekuwa na haraka kama majengo yangesimama. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, iliporomoka mbele ya macho ya watu wa Mji Mkongwe, na watu wawili wakafa. Wahandisi hupima ufa na unyevu, na ni wajibu wao. Hata hivyo fundi anayetakiwa kurudisha kilichoanguka hufanya kazi kwa maneno: namna ya kuchoma chokaa, jina la boriti ya kila unene, jina la kila tabaka la sakafu na la kila kipande cha mlango. Maneno hayo yamo vinywani mwa waashi na mafundi seremala wachache, nayo makamusi mengi yameyapa fasiri fupi kuliko yastahilivyo. Sakafu hupewa maana ya chini ya nyumba, na zile siku nyingi za kupiga chokaa juu ya boriti hazitajwi. Birika huwekwa kama neno moja lenye maana mbili, nalo ni mawili. Dari, roshani, mfaa na zidaka zangoja mtu wa kukaa na fundi kiwanjani, si mezani, akaandika kila kimoja kinashikana na kipi. Kazi ya namna hiyo hiyo yangoja upande wa Inyonga na Mpimbwe kwa maneno ya tembe: miti ya paa, udongo wake, na ua wake. Tembe zenyewe zinapungua mwaka hata mwaka, kila bati linapofika.